Kompyuta ya Gesima Haina Haya

Nyumba ya Chini,
Gesima.
Jumapili, 12 Agosti 1979.

Kwa Mheshimiwa Mhandisi Alfayo Ombui,
Mwenye Kompyuta,
Nyumba ya Juu, nyuma ya migomba,
Gesima.

KUHUSU: UKOSEFU WA HAYA NDANI YA KUMBUKUMBU YA KOMPYUTA YAKO

Mheshimiwa Mhandisi, na pia tata wangu,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe pamoja na zile betri za lori unazozipeleka Keroka kuchajiwa kila wiki kama mzazi anayepeleka watoto kliniki. Sisi huku chini hatujambo. Huku chini, kama umesahau, ni upande wa pili wa migomba yako, mahali ambapo nikikohoa unanisikia na ukicheka nakusikia, ingawa siku hizi hakuna anayecheka.

Utashangaa baba mzazi kumwandikia mwanawe barua rasmi ilhali moshi wa majiko yetu unachanganyika juu ya paa. Sababu ni kwamba tangu ile Jumapili ya maonyesho wewe umeshuka mara moja tu, na mimi, unavyojua, sipandi. Chinsoni, ile haya tuliyowekewa baina ya mzazi na mwanawe aliyeoa, inasema baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe. Sikuitunga mimi. Nimeikuta, nami nimeitii, hata pale ambapo watu wote wa Gesima, na wengine wa Ikonge nisiowajua, wameingia kwako kuitazama mashine ambayo mimi niliyekuzaa sijaiona hata waya.

Kiswahili nimekichagua kwa makusudi. Kwa Ekegusii kuna mambo ambayo mzee hawezi kuyatamka kuhusu mke wa mwanawe, hata akiwa na haki. Kiswahili ni lugha ya Serikali. Nimeifundisha kwa chaki ya Serikali mpaka nikastaafu, na ndani yake sina mkwe hata mmoja.

Kwanza nieleze kilichotokea, kwa faida ya kumbukumbu za watu, maana za mashine tumeshaziona.

Ulirudi kutoka ng'ambo na sanduku la bati na ujuzi wa lugha inayoitwa C, herufi moja tu, nadhani pesa za masomo ziliishia hapo. Kwa lugha hiyo ukaandika programu ya ukoo. Unaipa jina la mtu, nayo inapanda kutoka kwa mtu huyo hadi kwa baba yake, hadi kwa baba wa baba yake, mpaka mwisho, ili vijana wanaotaka kuoana wajue kama ni wa damu moja. Wazo zuri. Mimi mwenyewe nilikutajia majina yote, nawe ukayaandika. Siku ya maonyesho nyumba yako ilijaa watu pomoni. Mimi nikakaa nje kwenye kigoda, chini ya dirisha, mgongo ukutani, kama baba aliyelelewa. Mzee wa kanisa Nehemiah, ambaye sauti yake haihitaji kengele, akajitolea kutusomea sisi wa nje kinachotokea kwenye kioo.

Wakaiandikia jina Ombui. Ikaanza kupanda. Ombui mwana wa Machogu, mwana wa Ombui, mwana wa Machogu, mwana wa Ombui. Mwanzoni nilijawa na fahari, maana sikujua ukoo wetu ni mrefu kiasi hicho. Ikaendelea kupanda. Nikadhani tutamfikia Nuhu, na kwamba naye alikuwa Machogu. Kisha kioo kikajaa alama zinazofanana na nyayo za kuku, halafu ukatokea mstari mmoja safi, naye Nehemiah akausoma: mke wa Machogu ni Drusilla. Na kwa kuwa kulikuwa kimya, akadhani sisi wa nje hatukusikia, akausoma tena.

Drusilla ni mke wako. Machogu ni mimi.

Kesho yake, kwenye kituo cha kupimia majani chai, watu walinipisha nitangulie mstari, wakiniita bwana harusi. Habari ikafika soko la Ikonge kabla ya ndizi. Wiki hiyohiyo Drusilla akachukua kisanduku chake akaenda kwao Nyacheki, naye akiwa katika hali ambayo mimi siitaji. Wewe ukashuka mara moja tu, ukachukua mpini wa jembe, ukanichorea uani kumbukumbu ya kompyuta ilivyogawanywa, ili nijue kwamba hakuna mtu aliyenitukana. Nilisikiliza kwa adabu. Tangu siku hiyo nimekaa na mchoro wako, kuku wameufuta nusu, nami nimeutafakari nusu iliyobaki. Malalamiko yangu ni haya.

1. Ulianza kwa kuniambia kwamba programu ya C huanza na sehemu inayoitwa Mkuu. Nikaitikia. Baadaye ukasema kumbe kabla ya Mkuu kuna kijiprogramu kingine, kifupi, hakionekani, wala aliyenunua kompyuta hajui kama kipo. Hicho, ambacho mimi nakiita Mtangulizi, ndicho kinachoamka kwanza. Kinapima mahali kila kitu kitakapokaa, kinafagia, kisha kinamwita Mkuu aje afanye kazi yake na kupigiwa makofi. Mkuu akimaliza, anarudi palepale kwa Mtangulizi ili mlango ufungwe. Nikakuuliza, sasa mbona mnasema programu inaanza na Mkuu? Ukajibu kwamba ndivyo inavyoandikwa vitabuni.

Nalalamika kwa niaba ya Mtangulizi. Simjui, lakini namhurumia. Pia nakumbusha kwamba katika hotuba yako ya siku ile ulimshukuru profesa, ukamshukuru fundi wa betri wa Keroka, ukamshukuru na mwenye televisheni uliyoiazima iwe kioo. Kuna watu fulani waliochuma chai kwenye mvua ili Mkuu apande ndege, nao walikuwa chini ya dirisha wakisubiri kusikia majina yao. Sitaji mtu.

2. Ulisema vile vitu ambavyo vinakuja bila thamani yoyote ya kuanzia vinawekwa pamoja kwenye sehemu yao, na Mtangulizi anaipitia sehemu hiyo yote na kuifuta iwe sifuri tupu. Huo ni utawala wa aina gani? Hapa kwetu mtu akija duniani bila kitu tunamfanyia harambee. Kwenye kompyuta yako anafutwa, tena asubuhi na mapema, kabla hata Mkuu hajaamka kuuliza kuna nini.

Nina mashaka kwamba huko ng'ambo nawe walikupitisha kwenye sehemu hiyo. Uliondoka hapa na salamu kamili za asubuhi, za mchana na za jioni, za wazee na za wakwe. Umerudi na neno moja la Kiingereza, hai, ambalo hata ndama anaweza kulisema.

3. Nilikuuliza ni nani anayezuia programu isiandike juu ya maagizo yake yenyewe. Ukanijibu, tena kwa tabasamu, kwamba katika kompyuta ndogo kama yako hakuna mlinzi. Eti zile kubwa za ng'ambo zina mlinzi, hii yetu inategemea uangalifu wa mwandishi. Yaani mtu anaweza kuamka akalima katikati ya sebule yake mwenyewe, na mashine ikamshikia jembe. Sisi tulikatiwa mashamba, tukawekewa mawe ya mipaka mbele ya chifu, na bado Mong'ina hapo jirani kila mwaka anapanda kahawa upande wangu. Wewe umejenga kijiji kizima bila jiwe hata moja, halafu unashangaa.

4. Sasa nafika penye uchungu. Kumbukumbu yako uliichora kama shamba lolote la kwetu, ukanda mwembamba unaotoka mtoni hadi kilimani. Mtoni umeyaweka maagizo. Juu yake vitu vyenye thamani, kisha wale maskini wanaofutwa. Hapo sina neno. Lakini juu yao inaanza sehemu uliyoiita ya akiba, ambapo programu inajichukulia nafasi kadiri inavyohitaji, na Akiba hukua kupanda kilima. Kilimani nako umeweka Rundo, ambamo kila swali linakaa juu ya jingine likisubiri jibu, na Rundo hukua kushuka. Katikati ni kichaka. Nikakuuliza, wakikutana? Ukasema, kwa kawaida hawakutani.

Kwa kawaida! Tata, chinsoni yote ilitungwa kwa sababu ya hilo neno. Kwa kawaida baba mkwe na mkamwana hawagongani mlangoni. Kwa kawaida watu hupiga hodi. Kama kawaida ingetosha, mimi ningekuwa ndani mwako sasa hivi nikinywa uji na kukitazama hicho kioo. Wazee wetu hawakuwa na kompyuta, lakini walijua kwamba vitu viwili vinavyokua kuelekeana vinahitaji kuwekewa mpaka kabla havijaonana. Wewe hukuuweka. Kwa hiyo babu zetu wakapanga foleni kwenye Rundo, kila Ombui akimsubiri Machogu wake, foleni ikashuka kilima mpaka ikaingia kwenye Akiba, na kwenye Akiba, kwa akili zako timamu, ndiko ulikokuwa umeweka ndoa za watu. Wazee wa ukoo wakaingia vyumbani bila hodi. Hicho ndicho kilichosomwa na Nehemiah, mara mbili.

5. Suala la mbuzi. Wazee wanasema chinsoni ikivunjwa lazima achinjwe mbuzi, ili waliovunja waweze kutazamana tena. Mchungaji anasema sisi Wasabato hatutakaswi na mbuzi, lakini kama mbuzi atachinjwa kwa sababu nyingine zisizo na maana yoyote, siku isiyo Sabato, yeye hatakosa kufika. Kwa hiyo pande zote zimekubaliana kwamba mbuzi awepo. Kilichobaki ni nani anamtoa.

Mimi sikukosa, nilikuwa nje. Drusilla hakukosa, alikuwa jikoni akiwapikia wageni wako. Wewe unadai hukukosa. Basi amebaki mmoja. Naomba rasmi mashine itoe mbuzi, wa kiume, mwenye manyoya na harufu, si mbuzi wa kwenye kioo.

6. Namba. Hapa ndipo tulipokosana, na wewe unajua. Ulisema kosa halikuwa la Rundo wala la Akiba, bali la majina. Mashine inamtambua mtu kwa jina lake, na katika nyumba yetu yapo majina mawili tu yanayopokezana, kwa kuwa mtoto hupewa jina la mzee aliyekufa. Ilipopanda ikamfikia baba yangu Ombui, ikadhani ni wewe Ombui, ikarudi kwako, ikaanza kupanda upya, na ingezunguka hivyo mpaka Kristo arudi. Dawa yake, ukasema, ni kumpa kila mzee namba.

Ng'ombe wa josho ndio wenye namba. Mfungwa ndiye mwenye namba. Mimi nimefundisha watoto wa kila aina, hata wale ambao jumlisha na toa ziliwashinda kabisa, na kila mmoja nilimwita kwa jina lake. Baba yangu hakufa ili awe tatu. Tunawapa watoto majina yao kwa sababu hatutaki waondoke, na wewe unataka kuwatenganisha kwa namba ili mashine yako isichoke.

Tena nikuambie. Mashine ilipodai kwamba wewe ni baba yangu, watu walicheka, mimi sikucheka. Tangu siku uliyozaliwa nimekuita tata, yaani baba, kwa kuwa umebeba jina lake. Nakuita hivyo kila asubuhi. Kwa hilo moja mashine yako ilisema kweli, na kwa heshima naiondolea lawama.

Kuhusu mengine, nilikuambia kwamba namba hazitaingia katika boma hili nikiwa hai. Ukaniambia basi programu haitafika mwisho kamwe. Nikasema isifike. Ukapanda kwako, ukafunga mlango polepole, na afadhali ungeubamiza. Nimekukasirikia tangu siku hiyo, na nimekukosa pia, yote mawili kwa pamoja, na kwa umri wangu hiyo ni kazi nzito.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo yatekelezwe bila kuchelewa. Afisa wa mipaka aje na mnyororo wake, aipime kumbukumbu kutoka mtoni hadi kilimani na kuweka jiwe baina ya Rundo na Akiba. Ikishindikana kwa sababu za kitaalamu, mmoja kati yao ahamie Kisii mjini, maana fahali wawili hawakai zizi moja. Mtangulizi ashukuriwe hadharani, watu wakiwa wamesimama. Nehemiah apigwe marufuku kusoma kitu chochote nje ya Biblia. Yote haya yakikataliwa, kompyuta irudishwe ng'ambo kwa nauli yake yenyewe, na betri wapewe wenye lori.

Na Drusilla arudishwe nyumbani mapema, kabla ya lile jambo ambalo mimi silitaji, ili lile jambo litokee hapa kwetu na si kwa watu. Hili la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mengine yote nimeyaleta yalisindikize, maana baba mkwe hawezi kuomba jambo kama hili peke yake, akiwa amesimama mbele za watu. Anahitaji umati wa malalamiko apite katikati yao.

Nisalimie wote wa huko juu, yaani wewe na paka. Salamu kwa fundi wa Keroka. Salamu kwa profesa wako, mwambie huku tunaendelea vizuri bila mlinzi. Mkwe wako wa Nyacheki ukimwona umwambie sina kinyongo naye, wala sina mke wa pili.

Ndimi, katika haki na mipaka,

Mwalimu Manasseh Machogu (mstaafu)

Nyongeza: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha, mama yako Bosibori akaingia kutoka Nyacheki, hata kitambaa cha kichwa hajafungua. Amepanda kwako kwanza, amekuta umeenda Keroka na betri zako, kwa hiyo nimejua kabla yako, jambo ambalo si halali, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Drusilla amejifungua Ijumaa. Mvulana. Wote wawili ni wazima.

Mama yako anasema Drusilla hakuondoka kwa aibu hata kidogo. Anasema kila aliponiona njiani na kikapu changu cha majani, nikijikaza kutazama upande mwingine kama askari wa gwaride, alishikwa na kicheko, na mkamwana hacheki mbele ya baba mkwe. Akaenda Nyacheki apate mahali pa kucheka. Amecheka, uchungu ukamkuta hukohuko. Anarudi Jumapili ijayo. Jina amelitoa mwenyewe: Machogu. Ni la babu yangu, bila shaka, si langu. Mimi bado nipo.

Kwa hiyo sasa tuna Machogu mmoja zaidi, na mashine yako itazidi kuzunguka. Nimekaa nikawaza. Wape namba, tata. Yule Ombui wa kale kabisa mpe moja, kisha ushuke. Baba yangu atakuwa tatu, na nadhani angecheka. Mimi nitakuwa nne, wewe tano. Mtoto ni sita, lakini kwanza mweke pale ambapo Mtangulizi amefagia. Nimepaelewa sasa. Hakuna anayefutwa pale. Ni kufagia tu, ili anayekuja asikanyage takataka za waliopita.

Mbuzi ninaye, amefungwa nyuma ya jiko, mashine isihangaike. Uani kwako pia nimefagia, nilipokuona umeteremka kwenda Keroka. Nimefagia mpaka kizingitini, nikaishia hapo.

Wakifika, mtoe mtoto nje. Baina ya babu na mjukuu hakuna chinsoni, lakini mlango ni wako. Nitakuwa kwenye kigoda changu, chini ya dirisha.